Shaba na Dagaa

Mwaka 1975 mbegu za mahindi za shamba la kijiji zilihifadhiwa nyumbani kwa Rahabu, huko Suji milimani. Yalikuwa magunia tisa. Hayakuwekwa kwake kwa sababu ya ukubwa wa nyumba. Yaliwekwa kwa sababu ya paka wake, Shaba. Panya aliyekatiza mbele ya Shaba hakufika mbali.

Kila asubuhi Rahabu aliteka maji mferejini, akawasha moto, kisha akamtilia Shaba ugali na dagaa. Dagaa hao waliletwa na mumewe, Tumainieli, aliyefanya kazi katika shamba la mkonge huko tambarare.

Siku moja Rahabu alimwona Shaba akijikuna shingo mpaka damu ikatoka. Wiki chache baadaye kichwa na shingo vilikuwa havina manyoya, vimejaa vidonda. Jirani alimshauri ampake mafuta ya taa. Alimpaka, lakini hali ikazidi kuwa mbaya.

Maneno yakaenea. Mzee Anaeli, mwenyekiti wa kijiji, akaja mwenyewe. Alieleza kwamba wazazi wanaogopa watoto wataambukizwa. Paka auawe, mbegu zihamishwe.

"Baba, tumuulize bwana mifugo kwanza," alisema Rahabu. "Kesho anakuja kuchanja ng'ombe."

Mzee Anaeli alikubali.

Kesho yake bwana mifugo, Isihaka, alimpakata Shaba mapajani. Alitenganisha manyoya kwa vidole. Alitazama vidonda kwa kioo cha kukuzia. Hakuona viroboto, wala choa, wala upele. Ndipo alipomuuliza Rahabu paka anakula nini, na alianza kujikuna lini. Rahabu alifikiri. Akakumbuka kwamba Shaba alianza miezi michache baada ya kuzoea dagaa.

"Basi tuwashuku dagaa," alisema Isihaka. "Kuna paka ambaye mwili wake hukikataa chakula fulani. Anaweza kukila muda mrefu, kisha ngozi ikaanza kuwasha. Mmoja hukataa samaki, mwingine nyama ya ng'ombe, mwingine maziwa. Ugonjwa huo hauambukizi mtu."

"Sasa nimpe nini?" aliuliza Rahabu.

"Nyama ya aina moja tu, ambayo hajaizoea. Mbuzi anafaa. Mpe nyama, moyo na ini kidogo. Chemsha bila chumvi wala kitunguu. Usimpe dagaa, wala ugali, wala maziwa, wala makombo, kwa wiki nane. Na mafuta ya taa usimpake tena. Paka hujilamba, na hayo ni sumu."

Mzee Anaeli, aliyekuwa amesimama kando, alihesabu kwa vidole. Mvua ilikuwa bado wiki kumi na mbili. Akasema wiki nane atazingoja, lakini hataongeza hata siku moja.

Rahabu alikubaliana na mchinjaji amwekee vipande vya mbuzi. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaomba majirani wasimtupie Shaba chochote. Wengine walicheka. Hakujali.

Wiki ya tatu Shaba alijikuna kidogo tu. Wiki ya tano Rahabu alimpapasa shingoni, na vidole vyake vikagusa kitu laini kama pamba. Alitoka mbio na paka mkononi, unga wa mahindi ukiwa bado umemganda viganjani, akamwonyesha kila aliyemkuta njiani. Wiki ya nane ilipotimia, Shaba alikuwa na manyoya mwili mzima.

Isihaka aliporudi alifurahi, lakini alitaka uhakika. Alimwagiza Rahabu ampe Shaba dagaa kidogo tena. Siku ya nne Shaba akaanza kujikuna. Rahabu alimhurumia, na papo hapo akajawa na furaha.

"Sasa tumejua," alimwambia mumewe. Dagaa wakaondolewa moja kwa moja, na Shaba akatulia tena.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kijiji kizima kilikusanyika uani kwa Rahabu. Mzee Anaeli alipiga magoti, akapitisha mkono chini ya kila gunia, akitafuta tundu. Alifika la tisa. Hakuna lililotobolewa. Aliinuka polepole, akavua kofia.

"Mama," alisema, "kama tungemuua paka huyu, ningekuwa nimekosea sana."

Kisha akajitwika gunia la kwanza yeye mwenyewe. Wanawake wakapiga vigelegele, na safari ya kwenda shambani ikaanza.