Nyumba ya Vioo ya Mzee Chhotubhai

Siku ya kwanza Kendi alidhani ni uchafu tu. Alikuwa amemwosha Mzee Chhotubhai miguu, kama alivyofanya kila siku saa kumi jioni, na alipoinua beseni akaona mchanga umetuama chini. Mchanga mweupe, laini, wa kujaza kikombe. Sasa niambie wewe: mzee wa miaka tisini asiyeondoka kitandani, tena Novemba, mvua ya Birmingham haijakatika wiki nzima, mchanga ameukanyagia wapi?

Kendi akaumwaga, akamfuta mzee miguu. Kazi ya kutunza wazee humfunza mtu kunyamaza.

Siku ya pili mchanga ulikuwa kwenye shuka. Siku ya tatu chumba kizima kilinuka vumbi lililopigwa na jua la kiangazi, na huko nje mtaa wa Handsworth umelowa chapachapa.

"Babu," akauliza, "hiki kitu kililetwa lini?"

Alikuwa akionyesha mfano wa nyumba uliowekwa mezani kando ya kitanda, upana wake kama sinia la pilau. Loo, nyumba ilikuwa nzuri! Paa bapa, limenyooka kama limepigwa pasi. Kuta za vioo tangu sakafuni hadi juu. Bwawa la kuogelea lilipita chini ya kioo, nusu sebuleni, nusu uani. Kuizunguka, uwanja wa gofu wa kijani kibichi, na kijani kilipoishia, jangwa tupu.

"Wiki jana," mzee akasema. "Mimi ndiye nilichora, Kendi. Amerika, mwaka wa sitini na tatu. Matajiri watupu pale, kazi yao gofu. Nyumba yangu ilitoka kwenye magazeti. Sasa vijana wanazipenda tena nyumba za wakati ule. Aliyeinunua alikuta huu mfano stoo, akaniletea zawadi."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Kendi akamshika bega mpaka akatulia, na hapo ndipo mzee alipomweleza kisa.

Mahali pale palikuwa na chemchemi. Wachimbaji walikataa kuifukia, wakasema ina mwenyewe. Yeye, kijana mzaliwa wa Kisumu, msomi, kichwa kimejaa sifa, akawacheka na kuamuru zege imwagwe. Siku ya kukabidhi nyumba alimchukua binti yake wa pekee, Dipika, wa miaka mitano, akaone kazi ya baba. Nyumba ilikuwa tupu. Lakini mtu wa kwetu hawezi kuvuka kizingiti kimya kimya, akabisha: "Hodi humu!" Ndani sauti ikaitikia: "Karibu."

"Nilidhani Dipika amezunguka nyuma, ananichezea," mzee akanong'ona. "Nikasema asante, nikaingia. Bwawa halikuwa na uzio. Mimi mwenyewe niliukataa, nilisema utaharibu sura ya nyumba."

Saa moja baadaye walimtoa mtoto kwenye maji, ameshakata roho.

Kesho yake Kendi alikuwa jikoni akichemsha chai aliposikia kioo kikigongwa, ti, ti, ti, na sauti ya mtoto wa kike ikasema, "Hodi?"

"Karibu!" Kendi akaitikia.

Ole wake! Neno lilikuwa limekwishatoka. Hodi haifikiriwi, inajibiwa. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila hatusemi mgeni yupi. Alipokimbilia chumbani, zuliani kulikuwa na nyayo ndogo za maji, zimetoka mezani zikakomea kitandani, na mzee alikuwa anatetemeka, midomo imekauka.

Kendi akampigia Francine, mfanyakazi mwenzake, Mkongomani wa mtaa wa Erdington ambaye watu humwita wakati madaktari wameshindwa. Francine akaja na chupa ya mafuta, akanusa hewa, asivuke mlango.

"Ile haiko mutoto, dada. Iko kitu ingine imevaa sauti ya mutoto. Weye uliifungulia nyumba. Lakini mwenye nyumba ndiye inamutaka, na yeye peke yake ndiye anaweza kujipana, kujitoa kwake. Itapiga hodi siku tatu. Asijibu. Jamais, hata kamwe! Ikikosa jibu, itarudia kwao. Akijibu, utamuzika."

Siku mbili Kendi alimziba mzee masikio, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya juu, na hodi ikapita.

Siku ya tatu giza lilikuwa limeshashuka dirishani wakati vioo vya ile nyumba ndogo vilipowaka jua la saa sita mchana, jua kali lililomwagika ukutani na kitandani, na mchanga ukaanza kudondoka darini polepole, na nyayo za maji zikatokea moja baada ya nyingine zuliani bila mwenye nyayo, zikija, zikija, mpaka ukingo wa godoro ukabonyea kidogo, kama mtoto ameuegemea kwa viganja.

"Hodi?"

Kendi akamziba mzee mdomo.

"Si yeye, Babu! Nakuomba, si yeye!"

"Najua," mzee akasema kati ya vidole vyake. "Dipika wangu hakubisha hodi hata siku moja. Alikuwa anaingia tu, mbio, na viatu vyake. Huyu ni yule wa chemchemi. Nilibisha kwake, akanikaribisha. Sasa anabisha kwangu. Lakini sauti, Kendi! Sauti ni ya mtoto wangu. Miaka sitini sijaisikia."

Machozi yake yalimlowesha Kendi mkono. Mwaka uliopita mama yake Kendi alizikwa Meru, naye akalitazama jeneza kwenye simu, amesimama kituo cha basi cha Soho Road, kwa kuwa kibali chake cha ukaazi hakikuwa tayari. Sauti ile ya mama ingekuja mlangoni kwake, angeuliza ni nani aliyeileta? Alijua asingeuliza. Alimpenda mzee huyu, na alijua maana ya kumwachia ajibu.

"Hodi?" ikaja tena, taratibu, kwa adabu.

Kendi akaondoa mkono.

"Karibu, beta, mwanangu," mzee akasema. "Ingia ndani, umelowa."