Maji ya Ijumaa

Mzee Ebenezeri alikutwa Jumamosi asubuhi, Septemba 1951, amelala kifudifudi ndani ya mfereji mpya wa Kirua Vunjo. Waliomwona kwanza ni watu waliokuja na majembe kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kisogoni alikuwa na jeraha. Nguo zake zilikuwa zimelowa, na kinywa kilikuwa kimejaa tope.

Jambo lililowarudisha watu nyuma ni kwamba mfereji ule haukuwa umewahi kupitishiwa maji. Ulichimbwa ili kuwafikia watu wa chini, wasio na kahawa, na ulikuwa bado haujafunguliwa.

Sajini Fikirini alifika kutoka Moshi mchana. Alikuwa mtu wa Majengo, mtaa wa mjini, mpole wa sauti. Alikuta kijana aitwaye Eliufoo amefungwa kamba mbele ya baraza.

“Wamekufunga kwa nini?”

“Kwa mdomo wangu, bwana Sajini. Alhamisi niligombana na mzee, aliyeongoza uchimbaji. Mfereji unapita katikati ya migomba yangu. Nikasema, mfereji huu utakunywa mtu kabla haujanywa maji.”

“Na Ijumaa ulikuwa wapi?”

“Nyumbani, peke yangu. Najua nitanyongwa. Hata mimi usiku nilijiuliza kama ni mimi niliyemuua kwa maneno.”

Fikirini alikwenda kwa mjane, Margareta.

“Shikamoo mama. Pole.”

“Marahaba. Jana alikula, akainuka. Jua lilikuwa limeanza kupinda. Akasema anasikia maji kwenye mfereji mpya. Nikamwambia, wewe mzee, mfereji mkavu utatoa wapi maji? Akacheka, akapanda. Sasa wanasema aliitwa na waliokufa. Usiniambie aliitwa, mwanangu. Niambie nani alimpiga.”

Fikirini alirudi kwenye mfereji na kuukagua kutoka chini kwenda juu. Kuta zilikuwa zimelowa mpaka usawa wa goti, na mahali pengi kingo zilikuwa zimeporomoka. Juu kabisa alifika kwenye banio, pale mfereji mpya ulipochepuka kutoka ule wa zamani. Banio lilikuwa limezibwa kwa gogo la mgomba na udongo, vizuri, bila haraka.

Nyumba ya karibu ilikuwa ya bwana Primus, mwenye shamba kubwa la kahawa na paa la bati. Ng’ombe wa kuwalisha watu wa msaragambo alimtoa yeye. Alimkaribisha Sajini kwa heshima, wakatembea pamoja kwenye mibuni.

“Eliufoo ana hasira,” alisema Primus. “Lakini ni maskini tu. Msimtese.”

“Jana zamu ya maji ilikuwa ya nani?”

“Yangu. Tangu saa sita mpaka jua kuzama.”

“Yalitosha?”

“Yalitosha sana. Nilimwagilia mpaka nikachoka.”

Fikirini alishukuru, akainama kukung’uta vumbi jekundu kwenye viatu vyake.

Jioni, jua likiwa bado lipo, aliwakusanya watu kwenye banio. Eliufoo aliletwa na kamba yake. Mjane alisimama mbali kidogo.

“Mimi ni mtu wa mjini,” alisema Sajini. “Nifundisheni. Maji yakipungua kwenye zamu yako, unafanya nini?”

“Unapanda juu na panga,” mmoja alijibu, “na matusi ya kutosha.” Wachache walicheka.

“Jana kuna aliyepanda?”

“Hakuna,” walijibu.

“Toeni gogo.”

Walisitasita, kisha wawili wakalitoa. Maji yakageuka, yakaingia mfereji mpya. Mfereji wa zamani, ule uliokwenda kwa Primus, ulipungua mpaka ukabaki tope.

“Yaliyomzamisha mzee yalitoka hapa, mchana wa jana. Bwana Primus, hukupanda kulalamika. Wewe ulimwagilia nini?”

Primus alitazama tope.

“Mibuni yako ina vumbi,” Sajini aliendelea kwa upole. “Mwingine angefungua banio, ungemfuata na panga. Ni mwenye zamu peke yake ambaye angeweza kuyageuza bila mtu kupiga kelele.”

Primus akakaa chini.

“Nilitaka kingo ziporomoke tu,” alisema. “Waseme mfereji haufai, waache. Kahawa yangu inachumwa na watu wa chini. Wakipata maji, kila mmoja atapanda yake. Nani atanichumia?”

“Na mzee?”

“Alinikuta na jembe mkononi. Hakugomba. Alisema, ‘Funga maji, Primus, twende nyumbani.’ Akanipa kisogo, akatangulia mbele kando ya mfereji. Nikaona atawaambia. Nilimpiga, akaanguka ndani. Sikumwinua. Jua liliposhuka nikafunga maji, kama alivyosema.”

Margareta alijifunika uso kwa kanga.

Sajini alimfungua Eliufoo, akamfunga Primus kwa kamba ileile, wakaanza safari ya kwenda Moshi.

Jumamosi iliyofuata msaragambo uliitwa tena. Eliufoo alikuja wa kwanza, akazoa udongo ulioporomoka mpaka alipokaribia mahali alipolala mzee. Hapo alisimama. Bila kumwuliza mtu, akaupindisha mfereji usipite pale, akaanza kukata njia mpya ndani ya migomba yake mwenyewe. Wengine wakamfuata.

Maji yalifika chini, na kahawa ikapandwa. Mfereji bado unapinda pale. Watoto wakiuliza sababu, huambiwa wajaze ndoo waende.