Mtihani wa Abiria

Kiigizaruka, mashine ya kufundishia urubani bila kupaa, kiliinama upande, na mlima Rungwe ukachomoza kwenye ukungu, ukajaa kioo kizima. Kisha taa zikawaka. Tusekile alikuwa palepale alipoketi asubuhi, ndani ya chuo cha urubani Dodoma, mzima wa afya na jasho linamtiririka. Kwa hesabu ya mashine, alikuwa amekufa.

Alikuwa rubani mzuri, na alilijua hilo. Kwa miaka mingi alikuwa akirusha kindege chake cha pangaboi juu ya mashamba yake ya parachichi. Sasa alitaka jeti ya biashara, na leseni ya ndege ndogo haikutosha. Alikwishapata kibali cha injini mbili, na kile cha kuruka kwa kutegemea vyombo pale macho yasipoona kitu. Alikwishafaulu pia mafunzo ya jeti yenyewe, maana kila aina ina cheti chake. Ulibaki mtihani wa abiria tu.

Hapo ndipo mashine ilipomnasa. Ilimketisha nyuma yake mtu wa mwanga, sura na sauti ni za Mama Mkubwa Atuganile, dada wa marehemu mama yake, aliyemlea. Mtu huyo aliomba apelekwe Tukuyu. Taarifa ya hewa ilisema ukungu. Tusekile akaitikia kama alivyoitikia maisha yake yote, akaruka.

Tusekile alimjia juu mtahini wake, Kapteni Chilongani. Juzi Kapteni alimwuliza kama mzaha ni nani ambaye yeye Tusekile hajawahi kumkatalia jambo, kumbe alikuwa anamchimba.

"Siku hizi jeti inajirusha yenyewe," Kapteni alisema. "Kazi iliyobaki kwa rubani ni kukataa. Kwenye shirika kubwa kuna ofisi nzima ya kukusaidia kukataa. Kwenye jeti yako utakuwa wewe na wakubwa zako."

Mara ya pili Tusekile alikataa bila kupepesa macho. Mtu wa mwanga akazimika, cheti kikatoka, na yeye akatembea kwa madaha wiki nzima.

Mama Mkubwa wa kweli hakuzimika. Asubuhi moja alikuja uwanja wa ndege na kibegi chake, macho yamevimba: kaka yake wa mwisho amefariki, anazikwa Tukuyu mchana uleule. Tusekile alitazama taarifa ya hewa. Ukungu hadi jioni. Akapiga magoti mbele yake, kama anavyomwamkia siku zote.

"Mama, leo siruki."

"Nilikubeba mgongoni, Tusekile."

"Najua, mama. Siruki."

Mama Mkubwa alipanda basi, akafika kaburi limekwishafukiwa. Tusekile alilia kuliko alivyolia msiba wowote, lakini hakujuta.

Tangu hapo humpigia simu kila asubuhi. Mama Mkubwa hupokea, hasemi neno, anahema tu kwa hasira. Tusekile humsikiliza akihema mpaka akate, na hilo humtosha.