Vipimo Visivyofutika

Shoga yangu, fundi cherehani, hashiki kalamu. Akimpima mteja hutamka vipimo, simu ikavirekodi, na rekodi zikajihifadhi mtandaoni. Mchana mmoja simu ikamgomea: nafasi imejaa. Akafuta za zamani. Moja ikarudi. Akaifuta hadi kwenye pipa la taka la simu, ikarudi tena.

"Kuna mtu ana nywila yako," akasema dada yake, aliyepita kuchukua gauni. "Ibadilishe, na uondoe vifaa vyote usivyovijua."

Dada alipoondoka, akayafanya yote huku akisonya. Kikabaki kifaa kimoja tu, simu iliyo mkononi mwake. Rekodi ikarudi. Umeme nao ukakatika, na kile chumba kisicho na dirisha kikawa giza totoro.

"Haya, nikusikilize basi, unipumzishe!" akafoka, akaifungua.

Ikasikika sauti yake mwenyewe ikitaja vipimo: mabega, kiuno, upana wa mgongo. Vilikuwa vyake yeye, na hakuwahi kujipima. Nyuma ya maneno, utepe ulikuwa ukikwaruza nguo.

Akaizima simu kabisa.

Utepe ukaendelea kukwaruza, taratibu, nyuma ya shingo yake.

"Mgongo tayari," ikasema sauti yake. "Sasa geuka."