Mkutano wa Mapumziko

Kabla ya kuvaa sare za shule, Raudha alikuwa na safari moja ya lazima: kushuka bondeni na ndoo hadi chemchemi ya Namatula. Alikuwa mwanafunzi wa darasa la sita, mwenye miguu mirefu na ulimi mwepesi, na katika mpira wa miguu hakuna mvulana wa kijiji chao, kule Nambilanje, aliyethubutu kumdharau. Alipokuwa darasa la pili, ndoo ilijaa kabla hajamaliza kunawa uso. Siku hizi alikinga maji kwa kikombe, akakaa, akapiga miayo, na bado ndoo ilikuwa nusu.

Juu ya chemchemi palikuwa na msitu, na kila mwaka msitu huo ulipungua. Wakulima wa ufuta hupenda shamba jipya kwa sababu magugu yake ni machache. Kwa hiyo walifyeka, wakachoma, wakavuna, kisha mwaka uliofuata wakasogea juu zaidi. Mvua nazo zilikuwa zimevurugika. Mwaka uliopita zilichelewa hadi watu wakakata tamaa, halafu zikaja kwa kishindo na kuzoa mbegu zote. Mwalimu Gaudensia, mzaliwa wa Mnero kule Nachingwea, aliwaeleza darasani kwamba dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari, na kwa sababu ya misitu inayochomwa, na kwamba muda wa kurekebisha ni mfupi.

"Viwanda hatuna," alisema, "lakini msitu tunao."

Raudha alilelewa na shangazi yake, Mwamina, mwenyekiti wa kamati ya mazingira ya kijiji. Mtu akitaka kujua maana ya kuchapa kazi, ilitosha kumtazama mama huyo. Alilima ekari tatu za ufuta, akahudumia mikorosho yake, na jioni alipita nyumba kwa nyumba akieleza sheria ndogo ya kuzuia kufyeka na kuchoma msitu wa Namatula. Hakuchoka wala hakununa. Aliyemfungia mlango leo alipigiwa hodi tena kesho.

Sheria hiyo ilipaswa kukubaliwa na mkutano mkuu wa kijiji, kisha muhtasari upelekwe Ruangwa mjini kabla ya kikao cha madiwani cha mwisho wa mwezi. Ukichelewa, ungengoja kikao kingine baada ya miezi mitatu. Nao ulikuwa mwezi wa kumi, majani yamekauka, na Mzee Bakary, mkulima wa ufuta, alikuwa ameshafyeka ekari mbili juu kabisa ya chemchemi. Kilichobaki ni kiberiti tu. Mkutano wa kwanza ulikosa akidi, yaani idadi ya watu inayotakiwa ili uamuzi ukubalike, kwa sababu siku hiyo kulitokea msiba. Wa pili ukapangwa Jumapili.

Jumapili hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, Shangazi alimwita Raudha. "Nenda Mtakuja," alisema. Mtakuja kilikuwa kitongoji cha ng'ambo ya bonde, kusikofika mtandao wa simu. "Waambie mkutano ni saa kumi. Bila wao hatufiki."

"Sawa, Shangazi."

Njiani kulikuwa na banda la video la Swalehe, na mchana huo timu ya nyumbani, Namungo ya Ruangwa, ilikuwa ikicheza. Raudha alijiambia kwamba atachungulia dakika tano tu. Dakika tano za mpira zina tabia ya kuzaana. Filimbi ya mwisho ilipolia, saa kumi ilikuwa imefika, naye hata bonde hakuwa amelivuka. Alirudi mbio hadi kwenye ofisi ya kijiji.

"Umewaambia?" Shangazi aliuliza.

"Nimewaambia. Wamesema wanakuja."

Wakangoja mpaka jua likakaribia kuzama. Walipungukiwa na watu ishirini na wawili tu. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kaimu, akatangaza kwamba mkutano umeahirishwa. Shangazi alikunja mkeka wake polepole.

Alfajiri Raudha alimkuta Shangazi amejifunga kanga kiunoni, tayari kwa safari. "Nakwenda Mtakuja," alisema. "Watu wazima wanaahidi, halafu hawaji. Leo nitawaambia ukweli mbele ya watoto wao."

Raudha aliwaza jinsi watu wasio na kosa watakavyogombezwa. Akashika kanga ya shangazi yake. "Shangazi, sikufika kule. Nilijiambia dakika tano tu, nikakaa kwa Swalehe kuangalia mpira, kisha nikakudanganya. Nisamehe."

Shangazi akakaa kizingitini. "Huo mpira uliishaje?" aliuliza.

"Sare," Raudha alijibu akilia. "Bila bila."

"Kumbe hata bao hukuona." Shangazi akavuta pumzi. "Umekosa, Raudha, tena umekosa vibaya. Lakini umesema mwenyewe kabla sijawatukana watu bure, na hilo nimeliona. Sasa tufanyeje? Kikao cha madiwani ni Jumanne ya wiki ijayo. Mzee Kaimu anasema Jumapili ijayo kuna mechi tena, watu hawatakuja."

Raudha alifuta machozi. "Tuwafuate huko huko. Jana bandani walijaa kuliko mkutanoni. Wakati wa mapumziko wanakaa tu wakitafuna karanga. Dakika kumi na tano zinatosha, Shangazi."

Shangazi alitaka kuendelea kukasirika, lakini kicheko kilimshinda. Siku hiyo hiyo walikwenda kwa Mzee Kaimu, naye akauliza kama kuna mtu aliyewahi kusikia mkutano mkuu wa kijiji ukifanyika kwenye banda la video. Hakuna aliyewahi. Hata hivyo aliandika tangazo kwa mkono wake: mahali ni uwanja ulio mbele ya banda la Swalehe, na wakati ni mapumziko ya mechi. Raudha naye alivuka bonde akapita kila nyumba ya Mtakuja. Kila alipobisha hodi aliamkia, akatoa taarifa, kisha akakiri, "Jumapili iliyopita nilitumwa kwenu nikazembea. Naomba radhi." Haikuwa rahisi, lakini hakuruka hata nyumba moja.

Jumapili uwanja ulifurika. Hata akina mama wasiojali mpira walikuja na vigoda vyao. Filimbi ya mapumziko ikalia, Mzee Kaimu akahesabu watu, na akidi ikapita. Shangazi alieleza sheria kwa maneno machache yaliyonyooka. Ndipo Mzee Bakary akasimama.

"Mimi si mtu mbaya," alisema. "Shamba langu la zamani limejaa magugu, na wanangu wako Dar. Mgongo huu hauwezi jembe. Mkinizuia kule juu, mwaka huu nile sheria?"

Watu walicheka, lakini alisema kweli. Wakati huohuo kipindi cha pili kikaanza, na vijana wakageukia mlango wa banda. Swalehe akaingia ndani, akachomoa waya wa televisheni.

"Nimezima," alisema. "Na mimi nakunywa maji ya Namatula. Malizeni kwanza."

Katikati ya manung'uniko, Raudha alisimama. "Mzee Bakary, Jumamosi mimi na timu yetu ya shule tutakuja kukulimia shamba lako la zamani."

"Na kamati yangu," akasema Shangazi.

"Na sisi wa Mtakuja," ikasema sauti kutoka nyuma.

Mzee Bakary alikaa chini. Kura ilipigwa kwa kunyoosha mikono, na mkono wake ulikuwa wa mwisho kuinuka, lakini uliinuka. Swalehe alipowasha televisheni, timu ya nyumbani ilikuwa imeshafunga. Hakuna aliyeliona bao hilo, na hadi leo wanamlaumu yeye.

Jumatatu muhtasari ulifika Ruangwa kwa pikipiki, na Jumanne madiwani wakaipitisha sheria. Jumamosi shamba la Mzee Bakary lilijaa majembe. Walipopumzika kunywa uji, Raudha aliuliza, "Shangazi, kamsitu kale kadogo kataipoza dunia?"

"Peke yake, hapana," Shangazi alijibu. "Wakubwa wa nchi zenye viwanda nao wana mikutano yao kuhusu joto hili. Wanaahirisha kama sisi, kila mmoja ana mechi yake. Sisi tunaozolewa mbegu lazima tuwapigie kelele waharakishe, lakini anayepiga kelele awe ametimiza lake kwanza. Ulisema dakika tano, zikatugharimu wiki nzima. Wiki hiyo Mzee Bakary angewasha kiberiti, ungemwambia nani asubiri? Moto hausubiri akidi, mwanangu. Ukiona jambo linaharibika na una mikono, lianze leo, na ukikosea useme mapema."

Raudha aliitikia kwa kichwa, akaweka kikombe chini, akarudi kwenye tuta lake kabla ya wenzake.