Mtutu wa Kidole cha Shahada

Gobore lina mdomo mmoja tu. Baruti huingia hapo, risasi huingia hapo, na kilichoingia hakina njia nyingine ya kutokea, maana nyuma kumezibwa kwa chuma. Hilo nalijua kama ninavyolijua jina langu. Kuziba mitutu ndiyo kazi iliyonilea, na ndiyo ninayoifanya mpaka leo. Nimesoma vitabu vya wenye imani na vya wasio nayo, nikitafuta jibu la swali moja tu.

Risasi iliyoingia mbele ya macho yangu ilikwenda wapi?

Jioni hiyo mdogo wangu alikuja karakana kuchagua mtutu. Tunamwita Kaptula, kwa sababu hata siku ya harusi yake alitaka kwenda na kaptula. Alikuwa akiwinda kanga na sungura. Bega lake liliwahi kuteguka, kwa hiyo alihitaji gobore dogo, jepesi, lisilopiga teke. Kitako nilikwisha kumchongea. Kilichobaki ni upana wa mtutu.

Marehemu baba hakupima upana kwa namba. Alipima kwa vidole. Mtutu wa kidole kidogo hula baruti kidogo, na kwa punje za risasi unatosha ndege na sungura. Mtutu wa kidole cha shahada ni mzito zaidi, lakini ukiushindilia risasi moja ya mviringo unaangusha swala. Ukutani ilining'inia mitutu miwili, mmoja wa kila aina. Ule mpana niliukuta hapo nilipoirithi karakana. Sikuwahi kujua ulitoka kwenye bunduki gani.

"Chukua mwembamba," mama alisema. Alikuwa ameketi kizingitini akichambua mboga.

"Na swala akinipita, mama? Nimpigie saluti?"

"Mpigie. Swala naye ana haki ya kupita."

"Dada, zungumza na mama yako."

"Leo amekuwa wangu peke yangu?"

Mama alicheka, akanyanyuka na ungo wake, akaenda jikoni. Kaptula akauteremsha mtutu mpana na kuchomeka kidole mdomoni mwake. Kikaingia barabara.

Tabasamu likafifia usoni mwake.

"Mna baridi humu," alisema. "Kama... kama kuna mtu anavuta pumzi."

"Hodi."

Hatukusikia nyayo. Mwanamume alikuwa amesimama ndani, koti limefungwa vifungo hadi shingoni, na joto lote lile. Alinuka udongo uliolowa. Chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine niliyoizoea tangu utotoni: baruti iliyoungua.

Akaweka risasi juu ya meza. Ya mviringo, ya kizamani, imebonyea upande mmoja.

"Natafuta mtutu wake," alinong'ona.

Ombi hilo ni la kawaida. Watu huja na risasi, mimi nikawatafutia mtutu unaoichukua. Lakini risasi iliyobonyea hukwama, haina ujanja. Niliiweka kwenye mdomo wa ule mpana ili nimwonyeshe tu kwamba haiwezekani.

Ikaingia.

Iliteleza polepole, ikitoa sauti ya mtu anayevuta hewa kwa meno. Nikangoja igonge chini.

Haikugonga.

Nikachukua mdeki, fimbo yetu ya kushindilia, nikauingiza. Ukafika hadi alama ya mtutu mtupu. Nikaugeuza mtutu mdomo chini, nikautikisa. Hakikuanguka kitu.

"Ndio wenyewe," mgeni alisema. "Nani aliuchagua?"

Kaptula, ambaye ulimi wake huitangulia akili hata siku njema, akadakia: "Mimi hapa! Nimeuchagua mimi."

Mgeni akamtazama. Hakuwa na chuki machoni. Ningeambiwa niape, ningesema alimhurumia.

"Wewe ni mdogo," alisema. "Lakini umesema."

Akatoka. Bawaba za mlango ule hulia hata ukisukumwa na upepo.

Hazikulia.

Asubuhi Kaptula alikuja shati likiwa wazi. Katikati ya kifua chake palikuwa na kishimo cha mviringo. Hakikuwa jeraha. Hapakuwa na damu wala maumivu. Ngozi yenyewe tu imezama, baridi kama chuma.

"Usiku kucha kitu kinabingirika, dada."

"Wapi?"

"Humu."

Niliweka kidole changu cha shahada. Kilikaa barabara, kikazama hadi kwenye ukucha. Jua lilipofika utosini kilikuwa kinazama hadi pingili ya kwanza, na mdogo wangu alihema kama anayepanda mlima akiwa ameketi.

Nikamwita mama, nikamweleza habari ya yule mgeni. Akatazama kifua cha mwanawe, kisha akatazama ukutani.

"Aliuliza nani aliuchagua?"

"Ndiyo, mama."

"Na huyu akajitaja."

Akaketi chini, palepale penye vumbi la chuma.

"Baba yenu alitaka mwembamba," alisema. "Nikamcheka. Nikamwambia, kumbe nimeolewa na mwinda ndege? Nikamchagulia mpana, watoto wale nyama. Jioni moja kichaka kikatikisika... Alikuwa mtu, anaokota kuni. Kwa mtutu wa ndege angepiga kelele, tukamchomoa punje, akapona na kututukana. Watu wote walisema ni ajali, na ilikuwa ajali. Lakini risasi haikuonekana. Tundu la kuingilia lilikuwepo, la kutokea halikuwepo, na ndani hamkuwa na kitu. Baba yenu akaivunja ile bunduki. Mtutu ukamshinda kuutupa."

"Alivaa koti?" niliuliza.

"Walimzika nalo. Walilifunga vifungo hadi shingoni, tundu lisionekane."

Tangu siku hiyo nimemtafuta wa kumlaumu, sijampata. Mwanamke aliyetaka watoto wake wale nyama hakuwa na ubaya. Yule mgeni naye aliuliza tu.

Kaptula alitaka mtutu utupwe mtoni. Mimi nilitaka kuuyeyusha. Mama akakataa yote mawili.

"Cha mtu hurudishwa kwa mwenyewe," alisema. "Na akiuliza, ajibiwe kweli."

Ikaamuliwa hivyo. Mtutu mpana upelekwe kaburini kwa yule mwokota kuni kabla jua halijazama. Gobore la Kaptula lifungwe ule mwembamba, nami nikaufunga alasiri ileile. Kaptula alisimama ili aubebe yeye, pumzi ikamwishia, akaketi tena. Nikauchukua mimi. Mama akaupokonya mkononi mwangu.

"Amemtafuta aliyechagua," alisema. "Hakumtafuta mwanawe."

Nyumbani kwetu kuna sheria iliyotangulia hata salamu: mdomo wa mtutu haumwelekei mtu, hata kama ni mtupu. Mama ndiye aliyetufunza, kwa makofi. Jioni hiyo aliuviringisha ndani ya kitenge chake, akaupakata kama mtoto, mdomo ukiwa umeegemea kifuani pake. Akashika njia bila kugeuka.

Kila alipopiga hatua, ndani ya chuma kile kitupu kitu kilibingirika, kikagonga.

Tik.

Tik.

Nyuma yangu, Kaptula akavuta pumzi ndefu, ya kwanza siku ile.