Chuma cha Ethi

Taa ya chumbani iliwaka mchana, siku ya mgao, Bweri nzima haina umeme. Haikuwaka sana. Ilikuwa nyekundu kama kaa linalopulizwa, inapanda, inafifia, inapanda, kama kitu kinachopumua.

"Mama," nikamwita mama mkwe kwa sauti ya chini, "umewasha swichi?"

"Niwashe nini, na umeme wenyewe hawajarudisha?"

Swichi ilikuwa imezimwa.

Fundi Magige alikuwa ameondoka asubuhi ile ile. Kazi yenyewe ndogo tu, soketi ya redio na taa ya chumba cha mtoto, iwe tayari kabla mume wangu Thadeo hajarudi kutoka Bunda, alikokuwaga anapeleka samaki. Mwisho wa kazi Magige akapigilia chuma kirefu ardhini, nje, chini ya dirisha, akakifunga waya.

"Hiki ni cha ethi, shemeji. Umeme ukizidi ndani, unashuka huko chini."

Nikamtania, "Na cha huko chini kikizidi, je?"

"Nyie mliosoma sekondari mna maswali!" Akacheka, akapiga nyundo. Chuma kikazama ghafla, kama kimekuta uwazi, na mtoto wangu mchanga akalia ndani.

Hakunyamaza tena. Ziwa hataki, kubembelezwa hataki. Na sasa taa hii, na harufu, udongo mbichi na maziwa yaliyochacha, inatoka kwenye soketi mpya.

Mama mkwe akasema analilia jina. Kwetu mtoto akilia hivyo wanatajwa marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, na akinyamazia mmoja, hilo ndilo jina lake. Wetu alikuwa bado hajapewa.

"Wewe ni Gati?" Kilio. "Wewe ni Wegesa? Ni Wankyo, bibi yangu?" Kilio, na taa inazidi kupanda.

Nikachoka, nikaogopa, nikakaa chini nimeegemea ukuta, nikasema, "Basi wewe ni nani, mwanangu, si useme!" Na kwenye vitundu vya soketi, karibu kabisa na sikio langu, kitu kikanong'ona.

Nikarudia bila kufikiri. "Boke?"

Mtoto akanyamaza hapo hapo.

Mama mkwe hakupiga kigelegele. "Boke wa nani? Sisi hatuna Boke. Umelitoa wapi jina hilo?"

Nikaionyesha soketi. Akapiga ishara ya msalaba.

Nikakimbia na mtoto mikononi mpaka ng'ambo ya barabara, kwa Jenoveva, mama aliyetuuzia kiwanja. Alikuwa anaanika dagaa.

"Dada Jenoveva, unamjua Boke?"

Akakaa chini juu ya dagaa zake.

"Ni mwanangu," akasema. "Alikufa bado ananyonya. Nilimzika nje ya nyumba yangu ya udongo, pale pale lilipo dirisha lenu. Ningesema, nani angenunua?"

Tukamrudisha Magige. "Mimi ni fundi umeme, shemeji, sio mganga," akanong'ona. Alipokitikisa chuma kikatoka, na kwenye ncha kilikuwa kimevaa uzi wa shanga ndogo, za kiuno cha mtoto. Chumbani taa ikazimika. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Jenoveva akazifunga shanga kwenye kanga, akaibeba kanga mgongoni kama anabeba mtoto mwenye afya, akaipigapiga. "Boke, usibaki kwa watu. Boke, twende kwetu Suguti, mama. Boke, njoo."

Hapo hapo mtoto mikononi mwangu akawa mwepesi, mwepesi kama nguo tupu, halafu akawa mzito tena. Nikasema ni woga wangu. Jenoveva akaondoka bila kugeuka, maana mama mkwe alimkataza kabisa kugeuka, na sisi tukabaki tumesimama, Magige anakunjakunja waya wake, mama mkwe anasali, na huyu niliyempakata ametulia vizuri, macho wazi, hapepesi.

Ndipo nikasikia kilio barabarani. Kinatoka mgongoni kwa Jenoveva, kwenye ile kanga isiyo na kitu ila shanga, na yeye anapigapiga tu na kutembea, na mimi kilio kile nakijua, nimekaa nacho tangu asubuhi, nakijua hata usingizini, na kabla kichwa changu hakijaelewa kwamba jina lile nililitoa mimi, kwa mdomo wangu, nikampa mwanangu, na aliyeitwa Boke ndiye aliyeitika, maziwa yakaanza kunitoka yenyewe, yakalowesha gauni, nikapiga kelele, "Dada Jenoveva, geuka! Geuka!" nikataka kukimbia.

Huyu niliyempakata akanishika shingo kwa mikono miwili, kwa nguvu ambazo mtoto mchanga hana, akaweka mdomo sikioni pangu.

"Mama," akanong'ona, "twende ndani."